Linachemsha Lini?

Ukiingiza gari linalochemsha kwenye gereji nyingi za hapa Dar, dawa itatajwa kabla boneti halijafunguliwa. Wa kwanza atasema toa themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto; nchi ya joto hii, ya nini? Wa pili atasema rejeta imeziba. Wa tatu, na mara nyingi ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, atasema gasketi ya hedi, yaani ya kifuniko cha juu cha injini, imekufa, hedi ishuke leo leo. Yeyote kati yao anaweza kuwa amepatia, maana kila mmoja amewahi kuona gari likipona kwa dawa yake. Ila hakuna aliyeuliza linachemsha lini. Kwenye foleni au barabara kuu? Mlimani au mchangani? Likiwa tupu au likiwa na mzigo? Kiyoyozi kimewashwa au kimezimwa?

Naandika kwa ajili ya swali hilo moja. Naona watu wanauziwa rejeta wasizozihitaji na kushushiwa hedi zisizo na ugonjwa, na fedha hiyo ni ada ya mtoto au bati za nyumba. Mwenye gari ndiye aliyekuwepo gari lilipochemsha; fundi hakuwepo. Ushahidi wote unao wewe unayeendesha, na usipoufikisha gereji, kitakachofuata ni kubahatisha kwa gharama yako.

Gari ninalolizungumzia ni Land Cruiser mkonga, lenye injini ya 1HZ: dizeli, silinda 6 za mstari mmoja, lita 4.2, haina tabo. Toyota walianza kuitengeneza injini hiyo mwaka 1990, na mpaka leo ukienda kijijini utaikuta kwenye gari la wagonjwa, gari la misheni na gari la maliasili. Haina kompyuta ya kuchomekewa kifaa ikataja kosa lake. Inachunguzwa kwa macho, mkono, pua na masikio, na kwa maoni yangu hiyo ni neema, kwa sababu inamlazimu mtu afikiri.

Kazi yangu ni kusimamia ujenzi. Viwanja vingi vya siku hizi viko Kigamboni ya mbali, ukishaipita Kibada na Gezaulole kuelekea Kimbiji, ambako ukiiacha lami tu unaingia kwenye mchanga unaomeza matairi. Gari linabeba saruji, nondo, mapipa ya maji na watu juu yake. Hiyo ndiyo shule niliyosomea habari za joto la injini.

Tabia ya ugonjwa ilikuwa hivi. Kwenye foleni ya Kilwa Road saa kumi na moja jioni, malori mbele, daladala ubavuni, mshale wa joto hausogei. Kwenye barabara ya Bagamoyo kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hausogei pia. Ukiutazama vizuri, unakaa chini kidogo ya mahali unapopaswa kukaa. Lakini likiingia mchangani, nikaweka L4, yaani gia nzito za magurudumu manne, injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika na gari likienda mwendo wa mtu anayekimbia, mshale unaanza kupanda. Na ulipanda zaidi wakati wa kurudi mjini kuliko wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi gari lilikuwa tupu.

Hilo la mwisho lilininyima raha. Gari tupu linawezaje kupata joto kuliko lenye saruji? Njia ni ileile, mchanga ni uleule, dereva ni yuleyule. Kilichobadilika ni upande. Ilikuwa miezi ya kusi, na kusi hutoka kusini-mashariki. Njia ya pwani kutoka Kigamboni kwenda Kimbiji nayo inaelekea kusini-mashariki. Ukienda, upepo unakupiga usoni na unaingia moja kwa moja kwenye rejeta. Ukirudi, uko mgongoni. Gari likitembea kilomita 20 kwa saa huku upepo wa kilomita 20 kwa saa ukilisukuma kutoka nyuma, hewa iliyo mbele ya rejeta imesimama kabisa. Hapo rejeta haina msaidizi mwingine isipokuwa feni. Wavuvi wa Kimbiji wanaujua upepo huo kwa tanga; mimi niliusoma kwenye geji ya joto.

Sasa tuyaweke pamoja, kwa sababu hapa ndipo swali la lini linapofanya kazi yake. Kwa makadirio ya vitabu vya ufundi, theluthi moja hivi ya nguvu ya mafuta inaendesha gari, theluthi nyingine inatoka na moshi, na theluthi inayobaki lazima ibebwe na maji mpaka kwenye rejeta, kisha ichukuliwe na hewa. Injini ya dizeli ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, inachoma mafuta kidogo mno, kwa hiyo kwenye foleni upepo ni mdogo lakini na joto ni dogo. Barabara kuu joto ni kubwa, lakini upepo upo wa kutosha. Mchangani joto ni kubwa na upepo haupo. Gari langu lilishindwa pale tu ambapo joto ni kubwa na upepo haupo, na likashindwa zaidi upepo ulipotoka nyuma. Maana yake maji yanazunguka, la sivyo lingechemsha pia kwenye lami ya Bagamoyo. Hedi nayo haina dalili ya kupasuka. Kinachokosekana ni hewa. Hayo yote yalijulikana kabla sijamlipa mtu hata shilingi.

Ingekuwa kinyume, yaani gari linatulia mjini lakini linapanda joto kwenye mwendo mkubwa au kwenye mlima mrefu wa aina ya Kitonga, macho yangehamia upande wa maji: rejeta iliyoziba kwa ndani, pampu ya maji iliyolika mapanga yake, mpira wa chini unaonywea injini ikizunguka kwa kasi, themostati isiyofunguka mpaka mwisho, au gasketi. Lingekuwa la petroli na linachemsha kwenye foleni tu, ningeanzia kwenye feni ya umeme, rilei yake na swichi yake ya joto. Haya hayahitaji cheti cha ufundi. Yanahitaji mtu akae na kalamu aandike gari lilikuwa linafanya nini mshale ulipopanda.

Nilikwenda eneo la Gerezani, hapa Dar, kwa mzee mmoja ambaye kazi yake ni rejeta. Pale utamkuta amezungukwa na matangi ya shaba, mitungi ya gesi na harufu ya risasi ya kuungia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Linasumbua nini?”

“Linachemsha.”

“Likiwa wapi?”

Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Nikamsimulia mchanga, upepo, lami na foleni. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akamwambia kijana wake: “Leta boksi.”

Kijana alileta katoni ya mafuta ya kupikia, wakaipasua na kuiweka mbele ya rejeta kuziba sehemu kubwa ya njia ya hewa. Injini ikawashwa, ikashikiliwa kwenye mzunguko wa 2,000 hivi, gari limesimama. Mzee alisimama pembeni ya boneti, kichwa ameinamisha, hasemi kitu. Alikuwa anaisikiliza feni.

Feni ya injini hii haikufungwa moja kwa moja kwenye puli. Katikati kuna klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, na mbele yake kuna springi bapa iliyojikunja, iliyotengenezwa kwa metali mbili zinazotanuka tofauti. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa ya moto, springi inajipinda, inafungua njia ya mafuta, na klachi inashika. Feni ikishika utaisikia: inanguruma kwa nguvu mpaka mtu aliye pembeni anageuka kutazama. Hewa ikipoa, inaachia, na mngurumo unakufa. Mpango huo unaokoa mafuta na kupunguza kelele barabarani, ambako upepo wenyewe unatosha.

Tulisubiri mngurumo. Kijana alikuwa na kipimajoto cha kulenga, kile cha bastola, anasoma kwa sauti: 85, 88, 91, 94. Feni ilikuwa inapepea kivivu vilevile. Ilipofika 97 mzee akasema toa boksi, acha izunguke taratibu ipoe. Baadaye injini ilipozimwa na ufunguo kutolewa (usiguse feni kabla ya hapo, vidole haviuzwi Kariakoo), aliisukuma feni kwa kidole kimoja. Ikazunguka yenyewe bila kupinga. Injini ikiwa ya moto vile, feni ilitakiwa kugoma, isogee kwa shida na kusimama palepale kidole kinapoondoka. Akanionyesha shingo ya klachi: duara la vumbi jeusi lililoganda kwenye unyevu. Mafuta ya silikoni yalikuwa yamevuja siku nyingi.

“Klachi imechoka. Ila usinunue kitu bado,” akasema. “Kuna jambo jingine.”

Hapo ndipo nilipomwamini kabisa. Fundi aliyekwisha pata jibu linalouzika na bado anaendelea kutafuta ni wa kumshikilia.

Jambo jingine lilikuwa katikati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta. Ukitazama kwa mbele unaona kondensa safi, maana kila anayeosha gari anaipiga maji. Ukitazama kwa nyuma unaona rejeta safi. Kati yake kuna nafasi ya vidole viwili ambayo haionekani na haioshwi. Walipoilegeza rejeta na kuivuta nyuma, uso wake ulikuwa umefunikwa na blanketi: mbegu za nyasi kwanza, kisha mabawa ya panzi, kisha udongo mwekundu, kisha mchanga mweupe wa pwani, tabaka juu ya tabaka. Kipande kilibanduka kikiwa kizima, na kilipowekwa chini kilibaki na alama za vifereji vya rejeta upande mmoja. Magari ya porini hupatwa na hili kuliko ya mjini, kwa sababu yanapita kwenye nyasi ndefu na kuvuka madimbwi. Tope linaingia likiwa bichi, linashika mbegu, linakauka, na mvua inayofuata inaongeza tabaka.

Kuiosha kuna namna yake. Maji yapite kutoka upande wa injini kwenda mbele, yaani kinyume cha njia uchafu ulikoingilia, na kwa msukumo mdogo. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu inalaza vile vibati vyembamba, na kibati kilicholala kimefunga njia ya hewa kuliko hata tope. Kwa sisi wa pwani kuna na chumvi ya bahari, ambayo inakula vibati hivyo mpaka vinabomoka ukivigusa. Rejeta inaweza isivuje hata tone na bado imekufa, kwa sababu mabomba yamebaki uchi bila vibati vya kutawanya joto.

Kava la plastiki linalozunguka feni nalo lilikuwa limepasuka na kukosa robo ya chini. Wengi wanalidharau, na wapo wanaolitoa kabisa ili wapate nafasi ya kuingiza spana. Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni, ile iliyo jirani na yenye joto, badala ya kuivuta kupitia uso mzima wa rejeta. Kwenye mwendo mkubwa hutaona tofauti. Mchangani utaiona.

Na sasa themostati, ambayo ndiyo hasira yangu kubwa. Kumbuka nilisema kwenye barabara ya Bagamoyo mshale ulikaa chini kuliko kawaida. Gari lilipowashwa asubuhi likiwa baridi, rejeta nzima ilianza kupata uvuguvugu tangu mwanzo, badala ya kubaki baridi mpaka injini ipate joto lake. Mzee alifungua kofia ya nyumba ya themostati: ndani hamna kitu. Gari nimelinunua mkononi mwa mtu, na huko nyuma fundi fulani alishaitoa, akaacha nyumba tupu.

Hoja ya kuitoa inasikika ina akili: themostati inazuia maji, ukiitoa maji yanapita kwa wingi, injini inapoa. Lakini themostati nyingi za injini za dizeli za Toyota zina sahani mbili. Sahani ya kwanza inafungua njia ya rejeta. Ya pili, wakati uleule, inafunga njia ya mkato ambayo maji hupitia kurudi kwenye injini bila kufika kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi saa zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo ndani pasipo kupozwa. Barabarani pasipo kazi nzito injini inakuwa baridi kupita kiasi, inakula mafuta zaidi na kulika haraka. Kazi ikiwa nzito, maji yanayohitajika kwenye rejeta hayafiki yote. Gari moja linakuwa na magonjwa mawili yanayopingana, na mwenye gari anachanganyikiwa.

Kama unashuku themostati yako, ipime jikoni. Ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji isiguse kitako, weka kipimajoto, washa jiko. Kwenye mwili wake imegongwa namba, kwa mfano 82. Maji yakikaribia nyuzi hizo iwe imeanza kufunguka, na ukiongeza nyuzi 10 hadi 15 hivi iwe imefunguka sawasawa. Isipofunguka, au ikichelewa sana, nunua nyingine ya namba ileile. Usidanganywe na ya namba ndogo kwamba itapoza zaidi: themostati inaamua joto la chini la injini, joto la juu linaamuliwa na uwezo wa rejeta na hewa. Wakati wa kuirudisha, ikiwa ina kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza, kitundu kikae juu ili hewa itoke. Gari lipandishwe pua juu kidogo, hita ifunguliwe, na maji yajazwe taratibu. Hewa iliyonaswa ndani imewafanya watu wengi wafikiri ukarabati umeshindikana.

Mfuniko wa rejeta ni spea ya bei ndogo inayosababisha ushushwaji wa hedi nyingi zisizo na hatia. Huku pwani maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 100. Mfuniko ulioandikwa 0.9 unashikilia presha inayosogeza kiwango hicho mpaka karibu na nyuzi 118, na kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, ikichanganywa nusu kwa nusu na maji inakisogeza zaidi. Springi ya mfuniko ikichoka au mpira wake ukikauka, maji yanachemka na kumwagika wakati injini yenyewe haijavuka joto lake la kazi. Utaona mvuke, utaona kidumu cha akiba kinafurika, na mshale haujafika kwenye nyekundu. Valvu yake ndogo ya katikati nayo ina kazi: injini ikipoa, inaruhusu maji kurudi kutoka kwenye kidumu. Ukikuta asubuhi mpira wa juu umenywea umebanana na kidumu bado kimejaa, valvu hiyo imeganda. Kabla ya mtu kushika spana ya hedi, badilisha mfuniko.

Gasketi na hedi zina dalili zake, tuziheshimu. Washa injini ikiwa baridi kabisa asubuhi, kisha shika mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu mapema, maji bado baridi, presha hiyo haitoki kwenye joto. Inatoka kwenye silinda. Mapovu yasiyoisha kwenye shingo ya rejeta, maji yanayopungua bila kuvuja popote, moshi mweupe wenye harufu tamutamu, mafuta ya injini yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa: hizo ni habari nzito. Kuna pia kipimo cha dawa ya buluu. Hewa ya juu ya rejeta inavutwa ipite ndani ya dawa hiyo, na ikigeuka njano, au kijani kwa injini ya dizeli, kuna gesi ya mwako ndani ya maji. Muulize fundi kama anacho kabla hujamruhusu kushusha hedi. Wenye Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990 zenye injini ya 1KZ-TE wawe waangalifu zaidi. Ni lita 3 yenye tabo na hedi ya alumini, na mafundi wanaijua kwa hedi kupasuka ikishachemshwa. Ufa wa namna hiyo unaweza kufumba injini ikiwa baridi na kufunguka ikiwa na kazi, kwa hiyo kipimo cha asubuhi peke yake hakitoshi. Pima na baada ya mlima.

Kuhusu maji yenyewe, ninaomba tuache mazoea. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na hayo ndiyo yanayojazwa kwenye rejeta kila siku kwa dumu la kuazima. Chumvi inakula alumini, inatafuna mapanga ya pampu, na kujenga magamba ndani ya vibomba vya rejeta. Tumia kulanti, na kama unaichanganya mwenyewe, tumia yale maji safi yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri. Soma chupa, isiwe tindikali. Najua watu watasema kulanti ni ya nchi za baridi kwa kuwa inazuia barafu. Kwetu kazi yake ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka, na kazi hizo mbili tunazihitaji kuliko wao.

Likikuchemkia njiani, tazama kwanza kama maji bado yapo. Kama hayajamwagika, zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho, geuza gari pua ielekee upepo, na uiache injini kwenye sailensa ipoe ikiwa inazunguka. Kama maji yametoka, zima palepale. Usifungue mfuniko, mvuke wenye presha unatoka kabla mkono haujaondoka, na nimeona kovu la mtu aliyefungua kwa kitambaa akidhani kitambaa kinatosha. Subiri mpaka mpira wa juu uminyike kwa mkono bila kukuunguza. Na usimwage maji baridi kwenye injini iliyokauka kwa moto, maana hedi iliyovumilia kuchemka inaweza kupasuka kwa kupozwa ghafla.

Mchangani penyewe kuna mengi ya kupunguza joto kabla halijazaliwa. Toa upepo kwenye matairi mpaka psi 18 au 20, tairi ikae pana. Injini inafanya kazi ndogo kwa mwendo uleule. Nenda na gia inayoiacha injini izunguke kwa wepesi, usiilazimishe ivute kwa mzunguko mdogo, kwa kuwa pampu ya maji na feni vinafuata mzunguko wa injini. Ukirudi kwenye lami, jaza tena kabla ya kukimbia. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri naihesabu kuwa sehemu ya mfumo wa kupoza.

Nilifunga klachi ya feni iliyotumika kutoka Japani, baada ya mzee kuipima kwa moto kwanza, kava jipya la feni, themostati ya namba yake, mfuniko wa 0.9 na kulanti. Nikaenda Kimbiji na mzigo, na wakati wa kurudi, upepo mgongoni, nilishusha vioo ili nisikie. Dakika chache baada ya kuacha lami feni ilinguruma, ikakaa hivyo mpaka nilipofika kwenye barabara nzuri, ikanyamaza. Mshale ulikaa katikati muda wote, ingawa siutegemei peke yake: geji za magari mengi zimetengenezwa zitulie katikati kwa nyuzi nyingi na kupanda ghafla mambo yakishaharibika. Ndiyo maana nami nimenunua kipimajoto cha kulenga. Alumini inayong'aa inakipotosha kisome chini, kwa hiyo nimebandika vipande vya selotepu nyeusi kwenye nyumba ya themostati na kwenye matangi ya rejeta, na ninapima palepale kila mara.

Kipimo hicho kimenionyesha kazi iliyobaki. Tangi la juu likiwa 88, sehemu kubwa ya chini ya rejeta inasoma sabini na kitu, lakini pembe ya kushoto chini inasoma 46. Maji hayapiti pale. Vibomba kadhaa vimeziba kwa magamba ya maji ya kisima ya wamiliki waliotangulia. Kwa sasa rejeta ina uwezo wa ziada unaoifunika kasoro hiyo, ila kaskazi ikiingia na joto la Desemba, huo uwezo tutauhitaji. Rejeta bado ni ile ya shaba, kwa hiyo inafunguliwa matangi, vibomba vinapitishwa rodi kimoja kimoja, kisha inaungwa tena kwa risasi na kupimwa kwa presha ndani ya pipa la maji. Mzee ameniambia nimletee Novemba, kabla foleni ya wateja wa sikukuu haijaanza, na nije na kulanti yangu kwenye dumu safi.